Tuwalipe ipasavyo wanaotuongezea vipengele kwenye programu huria

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie malipo ya vijana wanaoandika na kurekebisha programu huria za kompyuta, yaani zile ambazo msimbo wake, maandishi ya maelekezo yanayoiendesha programu, uko wazi na kila mtu anaruhusiwa kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuugawa bila kulipia leseni. Mimi si msanidi wa programu. Nimekuwa mhasibu wa vyama vya ushirika hapa Tabora kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na nitakayoyasema nayasema nikiwa upande wa meza unaotoa fedha.

Taasisi zetu zinazitegemea programu hizi kuliko viongozi wake wengi wanavyotambua. Takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kutoka kwenye vituo vya afya nchini hupita kwenye DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kuiendeleza kwa miaka mingi. Vyuo kadhaa vinatumia Moodle kufundishia na Koha kuorodhesha vitabu vya maktaba. Sehemu kubwa ya seva zinazobeba tovuti na mifumo ya malipo duniani inaendeshwa na Linux, mfumo endeshi wa kompyuta ulio huria. Kutumia vitu hivi bila kulipa leseni si wizi wala ubahili, kwa kuwa wenyewe waliovitoa ndivyo walivyotaka. Tatizo linaanza siku taasisi inapohitaji kitu ambacho programu haina.

Nichukue mfano wa tumbaku, zao ninalolijua vizuri. Mkulima wa tumbaku hakopi kama mwalimu au muuguzi ambaye rejesho lake linakatwa kila mwisho wa mwezi. Anachukua mbolea na pembejeo nyingine kabla ya msimu, anakaa miezi mingi bila kulipa chochote, kisha anakatwa pale tumbaku yake inaponunuliwa. Bei hupangwa kwa dola za Marekani kulingana na daraja, ilhali sehemu ya madeni na michango yake iko kwenye vitabu vya chama kwa shilingi. Hauzi yote kwa mkupuo. Leo yanapita marobota ya daraja la juu, soko linalofuata yanapita ya daraja la chini, na kila mauzo yana kiwango chake cha kubadilishia fedha. Programu ya mikopo iliyoandikwa kwa kufikiria rejesho la kila mwezi humwona mkulima huyu kuwa mdaiwa sugu tangu anapopanda mpaka soko linapofunguliwa. Inampiga faini mwezi baada ya mwezi, na karani anabaki kuzifuta faini hizo moja moja kwa mkono, akiomba Mungu asimruke mtu.

Chama kimoja, ambacho sitakitaja, kilikuwa na programu huria ya mikopo yenye kasoro hiyohiyo. Akaitwa kijana wa hapahapa mjini, aliyesomea TEHAMA na anayeujua msimbo wa programu ile, akaombwa aongeze kipengele cha marejesho ya msimu. Bodi ilimpangia shilingi laki nne kwa kazi yote, nauli ya kwenda kwa makarani ikiwa humohumo, na alipolalamika mjumbe mmoja akauliza kwa nini chama kilipie kitu ambacho kinapatikana bure kwenye mtandao.

Sikuliona swali hilo kuwa la kijinga, maana nimelisikia kwa watu wenye shahada, na ndiyo sababu nadhani linastahili jibu la maandishi. Kinachopatikana bure ni nakala ya kazi iliyokwisha kufanywa na kulipiwa na mtu mwingine, ama kwa fedha ama kwa usingizi wake. Kipengele cha marejesho ya msimu hakikuwapo kwenye mtandao wala popote. Ilibidi mtu akae akitengeneze. Anayepewa kitambaa bure na shangazi yake haendi kwa fundi cherehani kudai kwamba na kushonewa kuwe bure.

Bodi nyingi huona skrini yenye kitufe kipya na kudhani kuwa kazi yote ilikuwa kitufe hicho. Kijana yule alianza kwa kukaa na karani siku za soko ili aelewe makato yanafuatana vipi, kwamba deni la pembejeo linatangulia, ushuru wa chama unafuata, na kinachobaki ndicho cha mkulima. Baada ya hapo alisoma msimbo ulioandikwa na watu wengi asiowajua, wa nchi mbalimbali na wenye mazoea tofauti, ili ajue aguse wapi bila kubomoa pengine. Kuandika kipengele chenyewe ndiko kulikochukua muda mfupi. Kilichomla ni majaribio: itakuwaje mkulima akifariki katikati ya msimu, akihamia chama kingine akiwa na deni, sehemu ya tumbaku yake ikikataliwa na mnunuzi, au kiwango cha dola kikibadilika kati ya siku ya mauzo na siku benki inapoingiza fedha? Kila swali kati ya hayo ni fedha ya mtu halisi wa Sikonge au Urambo, na mimi kama mhasibu nisingepokea mfumo usioyajibu.

Halafu kuna hatua ambayo karibu hakuna bodi inayoijua, nayo ni kukirudisha kipengele kwenye mradi mama, yaani mradi wenyewe unaotoa programu hiyo kwa watumiaji wote. Programu huria huwa na kundi la watunzaji wanaoamua kipi kiingie kwenye toleo rasmi. Msanidi akishamaliza huwapelekea kazi yake, nao huipitia, huhoji, humwambia abadilishe majina, aongeze majaribio, aandike maelezo kwa watumiaji wengine, wakati mwingine huinyamazia kwa wiki kadhaa kwa sababu nao wamebanwa na kazi zao. Kazi isiporudishwa, chama kinabaki na nakala yake ya pembeni, na kila toleo jipya linapotoka, pamoja na marekebisho yake ya usalama, mtu lazima akipachike tena kile kipengele kwa mkono na kuanza majaribio upya. Nimeona taasisi zilizokwama kwenye toleo la zamani kwa miaka kwa sababu hiyo tu, zikiogopa kugusa chochote. Kwa hiyo mapitio haya si hisani kwa wageni. Ndiyo bima ya chama chenyewe, na saa zake zinapaswa kuwa kwenye ankara kama saa nyingine zozote.

Wapo wanaosema kuwa kipengele kikiingia kwenye mradi mama, vyama vingine na hata nchi nyingine zitafaidi kwa fedha ya wakulima wa Tabora. Ni kweli, watafaidi. Hiyo Koha inayotumika vyuoni kwetu ilianza mwaka 1999 nchini New Zealand, pale maktaba za Horowhenua zilipohofia kwamba mfumo wao wa zamani ungekwama mwaka 2000 ukiingia, zikailipa kampuni ndogo ya Katipo iwaandikie mfumo mpya, na uliokamilika ukatolewa uwe huria. Baadaye maktaba ya umma ya Nelsonville, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, ikatoa fedha ili Koha iongezewe uwezo wa kushughulikia MARC, muundo wa kumbukumbu za vitabu unaotumiwa na maktaba duniani kote. Mkutubi wa Tanzania anapoingiza kitabu kwenye Koha leo, anatumia kazi iliyolipiwa na walipakodi wa Ohio, ambao hawakuwahi kutuletea ankara. Sisi tuliokula kwenye sahani ya wengine kwa muda mrefu hatuwezi kuona uchungu siku zamu yetu inapofika ya kuweka kitu juu ya meza.

Jambo linalonikera zaidi, Mhariri, ni utaratibu wa kazi kupita mikononi mwa watu. Taasisi inatangaza zabuni ya kuboresha mfumo. Kampuni ya mjini Dar es Salaam inashinda kwa mamilioni ya shilingi, kwa kuwa ina wasifu mzuri, hati zote za kodi na mtu anayejua kuandika andiko. Kampuni hiyo haina anayeujua msimbo wa programu husika, kwa hiyo inamtafuta kijana wa Tabora au Kigoma kwa simu, inamkabidhi sehemu yote ngumu kwa malipo ya laki kadhaa, bila mkataba, na kumwambia kuwa akifanya vizuri kutakuwa na kazi nyingine. Taarifa ya mwisho inaandikwa kwa jina la kampuni. Kazi ikikataliwa na mradi mama, lawama zinashuka hadi kwa kijana. Ikikubaliwa, hundi inaishia juu. Sina ugomvi na kampuni kupata faida, maana inabeba dhamana ya zabuni, inasubiri malipo ya serikali kwa miezi na inalipa kodi. Nina ugomvi na mteja anayeona bei kubwa kwenye mkataba na kuamini kuwa aliyefanya kazi amelipwa vizuri. Mteja ana haki ya kuuliza, na kuandika kwenye mkataba, ni nani hasa atakayeandika msimbo na atalipwa kiasi gani katika fedha hizo. Kwa programu huria kuuliza huko ni rahisi kuliko kwingine, kwa sababu kumbukumbu za mradi mama huonyesha wazi kila badiliko limeletwa na nani na siku gani.

Wengine wamejaribu njia ya kutangaza donge: kipengele fulani kinawekewa fedha, na atakayekiwasilisha kwanza kikakubaliwa ndiye anayelipwa. Mimi siipendi. Wakifanya kazi watu watatu, wawili wanakuwa wamefanya bure, na anayeshinda ni aliyekimbia kuliko aliyejaribu kwa makini. Usalama wa fedha zenyewe nao haukuwa wa uhakika. Bountysource, tovuti iliyojulikana sana kwa kuhifadhi madonge ya aina hii, mwaka 2020 ilitangaza kuwa madonge yasiyochukuliwa kwa miaka miwili yangekuwa mali yake, ikarudi nyuma baada ya kelele, na kufika mwaka 2023 wasanidi walikuwa wakilalamika hadharani kuwa wamemaliza kazi na hawaoni malipo yao.

Nijibu pia hoja ya moyo wa kujitolea, kwa sababu inatolewa na watu wema. Ni kweli kwamba programu nyingi za aina hii zilianza kwa watu kujitolea, na wapo vijana wa hapa wanaorekebisha kasoro usiku kwa kupenda tu. Mtu akijitolea kwa hiari yake, saa anayotaka, kwa jambo alilolichagua mwenyewe, tumshukuru na tumwache. Lakini taasisi inayoleta orodha ya mahitaji, inaweka tarehe ya mwisho na kupiga simu Jumapili kuuliza imefikia wapi, imeajiri. Na hata kujitolea kwenyewe kuna mahali kunapochoka. Mwaka 2014 ilipogunduliwa kasoro ya Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani, ilibainika kwamba michango iliyokuwa ikiingia kwenye mradi ule ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka, na aliyeushughulikia kwa muda wake wote alikuwa mtu mmoja. Mabenki yalikuwa yakiitumia, na mashirika makubwa ya mtandao pia. Ndipo kampuni kubwa zilipoitwa kuchangia kupitia Linux Foundation, shirika linalosaidia miradi ya programu huria.

Kisa cha Machi 2024 kinatisha zaidi. Programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo XZ, iliyomo ndani ya mifumo mingi ya Linux, ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja asiyelipwa, ambaye miaka miwili nyuma alikwisha kusema waziwazi kuwa uwezo wake wa kuushughulikia umepungua na kwamba ule ni mradi wa kupitishia muda tu, usio na malipo. Alijitokeza msaidizi mwenye jina la bandia, akafanya kazi nzuri kwa muda mrefu mpaka akaaminiwa, kisha akapachika mlango wa siri wa kuingilia kwenye seva za watu. Uligunduliwa na Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, kwa sababu aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takribani nusu sekunde. Kama asingekuwa mtu wa kujali nusu sekunde, sijui tungekuwa wapi. Ujerumani ilikuwa imeanza mwaka 2022 kutenga fedha za umma kwa ajili ya kulipa watunzaji wa programu za namna hii kupitia Sovereign Tech Fund, na kwa nchi yenye fedha huo ni uamuzi wa akili.

Kuhusu kiwango, kuna jambo ambalo wasanidi wenyewe hawakubaliani. Google Summer of Code, mpango ulioanza mwaka 2005 kuwalipa wanafunzi, na sasa wanaoanza kwa jumla, ili wachangie programu huria, hupanga posho kulingana na gharama za maisha za nchi anayoishi mshiriki, kwa hiyo wa nchi kama yetu hupata kidogo kuliko wa Ulaya kwa mradi wa ukubwa uleule. Outreachy, mpango mwingine wa mafunzo kazini kwenye programu hizohizo, umekuwa ukiwalipa washiriki wake dola 7,000 popote walipo. Mimi niko na Outreachy. Nyumba ya kupanga Cheyo ni nafuu kuliko ya Berlin, sikatai, lakini kompyuta mpakato haiuzwi kwa bei ya Tabora, vifurushi vya intaneti havina huruma, na umeme ukikatika ni yeye anayenunua betri au kwenda kulipia meza mahali penye jenereta. Msimbo aliouandika unafanya kazi sawasawa na ule ulioandikwa Berlin.

Najua chama cha msingi hakiwezi kulipa bei ya Ulaya, na sidai hivyo. Kipimo changu ni cha kihasibu. Chama kikitaka kujua kipengele kina thamani gani, kiombe bei ya mfumo wa kibiashara unaofanya kazi ileile, kihesabu ada ya leseni ya kila mwaka kwa miaka mitano, na kiongeze mishahara ya makarani inayopotea kwa kufuta faini kwa mkono. Chini ya jumla hiyo kuna nafasi pana ya kumlipa msanidi kwa heshima na chama kikabaki na akiba. Ukiiweka ile laki nne kando ya hesabu ya aina hiyo, inaonekana kama posho ya kikao.

Na fedha isitoke yote siku kipengele kinapokubaliwa na mradi mama, kwa kuwa tarehe hiyo haiko mikononi mwa msanidi. Itolewe sehemu wakati wa kusaini, sehemu makarani wanapokuwa wamekijaribu na kukiridhia, sehemu anapokiwasilisha kwa watunzaji, na kiasi kibakizwe kwa ajili ya kujibu maswali ya mapitio hadi mwisho wake. Mkataba useme pia ni nani atakayekitunza baada ya hapo na kwa kiasi gani kwa mwaka, kwa sababu sheria na viwango vya makato hubadilika, na kijana hawezi kuitwa kila msimu kwa ahadi ya chai. Jina lake libaki kwenye kumbukumbu za mradi. Hilo haligharimu chama hata senti, na kwake ndilo litakaloonekana na mwajiri mwingine.

Mzigo ukiwa mkubwa kwa chama kimoja, vyama vichange. Mwaka 2002 programu ya Blender, ya kutengeneza picha za pande tatu (3D) na filamu za katuni, ilikuwa mikononi mwa wawekezaji wa kampuni iliyofungwa, na mwanzilishi wake Ton Roosendaal akawaomba watumiaji wachange euro 100,000 ili wauachie msimbo uwe huria. Zilipatikana ndani ya wiki saba. Wakulima wa tumbaku wa mkoa huu wana shida moja ya marejesho ya msimu, kuanzia Kaliua hadi Uyui, na tayari wana vyama vikuu vinavyojua kukusanya mchango wa kila kilo. Sioni kwa nini kila chama kimtafute kijana wake wa laki nne, wakati kwa pamoja wangeweza kuwaajiri wasanidi wawili kwa mwaka mzima, wakaandikiwa kipengele kimoja kilichojaribiwa vizuri na kutunzwa.

Bodi nyingi ziko mbioni kuandaa makisio ya mapato na matumizi ya kupeleka kwenye mikutano mikuu. Kwenye vitabu nilivyowahi kukagua, fungu la TEHAMA huwa na vocha, wino wa printa na matengenezo ya kompyuta, basi. Nawaomba wahasibu wenzangu waongeze mstari wa uendelezaji wa programu, wauandikie kiasi kinachotokana na hesabu niliyoieleza, na wawe tayari kuutetea mbele ya wanachama kwa kutumia faini ambazo wakulima wao walipigwa kimakosa msimu uliopita.

Msomaji wako,
Mhasibu wa vyama vya ushirika,
Cheyo, Tabora